Rozari ya Kupashia Trakta Moto

Ilianza Jumatatu, saa kumi na mbili na robo ya asubuhi. Najua saa hiyo kwa sababu kengele ya misioni ilikuwa imenyamaza muda si mrefu, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa hangari ya trakta na kikombe cha uji wa papa, baba yangu, mkononi, nikingoja amalize kusali ili anywe. Ukungu wa ziwa ulikuwa bado umelala juu ya kahawa. Trakta ilikuwa inanguruma mbele yangu kama kila siku. Kisha papa akaizima.

Papa hakuwa mtu wa kuzima trakta asubuhi. Alikuwa ndiye shofa, dereva wake wa pekee, na kuiwasha kwa ile manivela, mkono wa chuma unaozungushwa mbele, kulimtoa jasho hata wakati wa baridi. Nilimwona ameinama, uso wake karibu kabisa na saa ya mafuta.

Niieleze hiyo saa. Mbele ya kiti, chini kidogo ya usukani, palikuwa na kitu cha mviringo chenye kioo na sindano moja. Hakikusema wakati. Kilisema kama mafuta mazito ya moteri yanasukumwa kwa nguvu kupita ndani ya vyuma, au yanalegea. Sindano ikisimama, moteri iko nzima. Ikilala, vyuma vinasagana vyenyewe kwa vyenyewe na kabla ya jua kupanda moteri imekufa. Papa alinifundisha kuisoma kabla Masista hawajanifundisha kusoma saa ya kweli.

Asubuhi ile sindano ilikuwa imelala.

Patron, mzungu mwenye shamba, alishuka kutoka nyumbani kwake akiwa bado na viatu vya ndani. Aliangalia, akamwambia papa kwamba trakta hii ni mzee, aliinunua ikiwa imeshachoka kwa watu wengine kabla ya vita, na kwamba lori la kukusanya vyuma vikuukuu liko kwa jirani, litapita kwetu kesho asubuhi. Kama moteri haikupona, iende na lori. Alisema bila ukali, kama mtu anayezungumzia ng'ombe aliyevunjika mguu. Na papa je? Papa atarudi kwenye jembe pamoja na wengine, mvua iko karibu.

Papa aliitika, “Ndiyo, Patron.” Uji haukunywewa.

Nataka isomeke wazi, papa hakuogopa jembe. Alikuwa amelima tangu utoto wake kule Walungu. Lakini kambi nzima ya wafanyakazi ilimwita Shofa, hata padri alimwita Shofa, na alipopanda kile kiti cha chuma chenye matundu mgongo wake ulinyooka namna ambayo sikuwahi kuuona ukinyooka mahali pengine, hata kanisani. Nilikuwa nimerudi kwa likizo, mwaka wangu wa pili wa sekondari, na niliweza kuona kwamba mgongo ule ndio uliokuwa unakwenda kupakiwa ndani ya lori.

Alinituma mjini Bukavu. Mdogo wake mama, tonton wangu, alikuwa fundi katika garaji moja karibu na Kadutu. Nilishuka nikikimbia. Kwenye garaji kulikuwa na wanaume wengi na makelele, na mimi, nikiona wanaume zaidi ya wawili, sauti hurudi tumboni. Masista wanasema sauti yangu inakaa shingoni kama mfupa wa samaki. Nilisimama kwenye lango mpaka tonton mwenyewe akaniona. Akaacha alichokuwa anafanya, akaja na mikono myeusi.

“Nani anakufa?” aliuliza.

“Sindano,” nilisema.

Mwingine angecheka. Yeye aliuliza imelala yote au nusu, imelala leo au ilikuwa inashuka polepole, na mimi nikajibu kwa kichwa. Akaomba ruhusa, akafunga vifaa vyake ndani ya gunia, akaniketisha nyuma ya kinga, baiskeli yake, tukapanda kilima. Mahali pengi tulishuka na kusukuma.

Papa alimpokea kwa kumwonyesha kwanza kitu kilichokuwa kinamfurahisha siku zote. Kwenye tumbo la moteri kulikuwa na virobine viwili, vibomba vya kufungua na kufunga, kimoja juu na kimoja chini. Ukifungua cha chini mafuta yakatoka, na cha juu yasitoke, moteri imeshiba sawasawa. Lakini kwa majuma kadhaa cha juu kilikuwa kinatoa, tena kwa wingi, na papa hakuwa ameongeza hata tone. Alikuwa ametangaza kambini kwamba trakta za watu wengine zinakula mafuta, ya kwetu inazaa. Watu walikuja kuangalia. Mke wa kapita, msimamizi wa kambi, alisema ni yale maji ya baraka padri aliyoinyunyizia wakati wa mavuno. Papa hakubisha. Mimi pia niliamini, na niseme kweli, nilikuwa naona fahari.

“Kwa hiyo haikosi mafuta,” papa alisema. “Iko nayo ya kupita.”

Tonton alikuna kidevu. “Shemeji, moteri haizaake. Lakini tuache, tuanze na ile saa. Pengine inadanganya.”

Kumbe saa nayo hushitakiwa. Alifungua bomba jembamba la shaba linaloleta mafuta mpaka kwenye sindano, akamwambia papa azungushe manivela. Mafuta yakaja kwenye ncha ya bomba yakijivuta, yakaning'inia, yakaanguka kwa uvivu. Saa ilikuwa imesema kweli. Akarudisha bomba, akaenda kwenye kilango kidogo kilicho ubavuni mwa moteri, ambamo mna kijiti cha chuma kinachosukumwa na springi. Mafuta yakizidi nguvu, kilango hicho huyaachia. Springi ikichoka, yote hutorokea hapo. Alitoa springi, akaibana kati ya vidole viwili, akanipa na mimi niibane. Ilinirudishia kidole changu kwa nguvu. Nzima.

Ikabaki kufungua tumbo.

Mama alileta beseni lake kubwa la kufulia, akilalamika kwamba beseni hilo halitarudi kuwa beseni. Mimi nililishika chini ya moteri. Tonton akafungua kizibo, mafuta yakashuka meusi, mengi, yakifanya utepe unaong'aa. Yalinirukia kwenye vidole. Kuna kitu kilinigusa puani, nikakiacha kipite, kwa sababu hapo hapo walianza kushusha karteri, lile bakuli la chuma lililo chini kabisa, na tonton akasema niingie, mkono wangu ni mwembamba.

Nililala chali juu ya gunia nikatazama juu.

Sijui niandike namna gani. Nilikuwa nimeisikia trakta ile kila siku ya maisha yangu nikidhani ndani mwake mna kitu kibaya, cha giza, kinachopiga kelele. Kumbe ndani mlikuwa safi kuliko nyumba yetu. Mhimili mkubwa wa chuma, uliopindapinda kama mtu anayecheza, ulikuwa umening'inia juu ya uso wangu, na pale unapozunguka ulikuwa unang'aa kuliko kikombe cha misa. Niliuona uso wangu ndani yake, mrefu, mwembamba, wenye macho makubwa. Hakuna aliyeung'arisha kwa ajili ya kuonekana. Ulikuwa unang'aa gizani, miaka yote hiyo, bila mtu.

Tonton alilala kando yangu, akanishika mkono, akauweka kwenye kitu laini kama kikombe kilichokatwa nusu. Aliniambia hizo zinaitwa kusine, ndizo zinazoubeba mhimili. Ni za chuma laini, hata ukucha unaweza kuzikwaruza.

“Sasa ile chuma kubwa inazunguka juu ya hii laini,” alisema. “Zinagusana?”

Nilisema ndiyo.

“Hapana. Katikati mule munapita mafuta, nyembamba kuliko karatasi. Chuma yote ile, na uzito yake, na makelele yake, inaelea. Kama mutumbwi ya Idjwi juu ya ziwa.”

Aliendelea kueleza kwamba ndiyo kazi ya ile nguvu ya mafuta: isipokuwepo, mtumbwi unakaa juu ya mawe. Mimi nilikuwa sisikii vizuri tena. Nilikuwa nafikiria papa juu ya kiti chake, akilima bonde lote, majembe matatu nyuma yake yakigeuza udongo, na yote hayo yamekaa juu ya unyevu ambao ungeweza kuufuta kwa kitambaa. Shuleni nimesoma juu ya Petro kutembea juu ya maji. Nilikuwa sijajua kwamba jambo la namna hiyo lilikuwa linafanyika hangarini kwetu kila siku baada ya kengele.

Chujio la mafuta lilikuwa na takataka kidogo. Mimi ndiye niliyelitoa na mama akalifua kwa burashi. Kusine zilikuwa nzima. Papa aliizima mapema, alisema tonton, angengoja kidogo zingekwisha. Walipima hiki, wakatikisa kile. Hakuna kibovu. Na hilo ndilo lililomkalisha papa chini, kwa sababu kama hakuna kibovu, basi ubovu ni wa pompe yenyewe inayosukuma mafuta, ambayo hakuna mahali Bukavu nzima pa kuipata, na kesho lori linapita.

Kulikuwa na bidoni moja, dumu la mafuta mapya, Patron aliitoa chini ya ufunguo na kusema ndiyo ya mwisho mpaka boti ilete mengine. Papa alisimama, akaishika. Akasema warudishe karteri, wamimine, wajaribu bahati. Tonton alisema anaogopa. Bidoni hiyo ikiharibika bila kujua ugonjwa, hawana ya pili. Papa akasema ugonjwa umetafutwa na haukuonekana, anataka tu kuwasha. Wakaanza kubishana, mashemeji wawili, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele.

Mimi nilikuwa nanusa vidole vyangu.

Usiku, nyumbani, ninasoma kwa taa ya kopo. Kila nikiijaza, petroli, yaani mafuta ya taa, inabaki vidoleni, na ninalala nayo, na naamka nayo. Harufu ile naijua kuliko ya sabuni.

“Inanuka taa,” nilisema.

Hawakusikia. Ni mama aliyesikia. Aliwaambia wanyamaze, mutoto anasema kitu. Wote wakanigeukia, na mfupa wa samaki ukarudi shingoni, kwa hiyo nilinyoosha mkono tu. Tonton akanusa. Akachovya kidole kimoja ndani ya beseni na kingine ndani ya bidoni mpya, akavisugua, akafunga macho kama anaonja mchuzi. Mafuta mapya yalivutika kama asali. Yale ya beseni yaliteleza kama maji ya kuoshea sufuria. Ule weusi tu ndio uliokuwa umetudanganya. Akachukua kijiti, akakichovya kwenye yale ya beseni, akakipeleka nje mbali na hangari, akawasha kiberiti. Kijiti kikashika moto mara moja, kwa moshi mweusi, kikaimba.

Papa alikiangalia kijiti kile mpaka kikazima. Kisha akauliza, nani amemwaga petroli ndani ya moteri yake. Alikuwa anatazama upande wa kambi, na niliogopa ule utazamaji.

“Hakuna mutu,” tonton alisema. “Shemeji, asubuhi unawasha na nini?”

Papa akaeleza kitu ambacho sote tulikijua. Trakta ile ilikuwa na matanki mawili. Inawashwa kwa esansi, yale mafuta mepesi ya magari, na ikishapata moto inageuziwa robine ili inywe petroli, ile ile ya taa, kwa sababu ni rahisi kuipata. Tonton akamweleza naye: moteri ikiwa baridi haiwezi kuunguza petroli yote. Inayobaki inateremka kando ya pistoni, polepole, mpaka ndani ya mafuta. Kwa hiyo mafuta yanaonekana yanaongezeka. Hayazai. Yanakuwa maji.

“Unangojaka muda gani mbele ya kugeuza?”

“Rozari,” papa alisema. “Rozari nzima. Sijarukaka hata siku moja.”

Ndivyo alivyofundishwa na shofa aliyemtangulia, mzee mmoja wa Walungu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na saa. Unawasha kwa esansi, unapanda kitini, unasali rozari yote, mafungu yote matano, unafanya alama ya msalaba, unageuza robine. Hata tonton alikubali kwamba rozari moja inatosha kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa na saa mkononi, lakini ilikuwa imekufa zamani, aliivaa kwa uzuri.

“Basi salisha,” tonton alisema. “Fungu moja. Sisi tusikilize.”

Papa alikasirika kidogo, lakini akavua kofia. Akaanza. Na hapo, mimi niliyemsikia kila asubuhi nikiwa na kikombe mkononi, nikamsikia kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kama mtu anayekimbia chini ya kilima. Salamu moja ilikuwa inakanyaga kisigino cha mwenzake. Maneno ya katikati yalikuwa yamekwisha, yamebaki ya mwanzo na ya mwisho. Hakuruka kweli hata moja. Lakini tonton alikuwa ameanza kufuta mikono yake kwa kitambaa, na papa alisema Amina mkono wa kwanza ukiwa bado mweusi.

Mama ndiye aliyecheka. Alijiziba mdomo, haikusaidia.

“Baba ya mutoto,” alisema, “hata Bikira Maria hawezi kukufuata. Atakuwa anafika wewe unaisha kwenda shambani.”

Tonton alishika nguzo ya hangari. Papa alisimama na kofia yake, akatutazama mmoja mmoja, na nilidhani ataondoka. Lakini alikuwa anasikiliza bado, kama mtu anayesikia hatua zake mwenyewe. Miaka yote ile midomo yake ilikuwa imeisugua sala ile, mpaka ikang'aa na kuteleza kama ule mhimili.

“Ni mimi, basi,” alisema. “Si mutu.”

“Ni weye, na baridi ya Bukavu,” tonton alisema. “Tufunge tumbo.”

Alikata jointi mpya ya kuzibia karteri kutoka kwenye katoni ya sabuni, akaipaka, akasema lazima ilale usiku kucha ikauke, kesho ndipo itawashwa. Mafuta mapya yakaingia mpaka kirobine cha chini. Cha juu kikabaki kikavu, na papa alikifungua na kukifunga, akifurahia ukavu ule kama alivyofurahia wingi wa zamani. Tonton akaonya jambo moja. Asubuhi, mafuta yakiwa baridi, sindano itapanda tu hata kama moteri ni mgonjwa. Ukweli utaonekana ikipata moto. Kwa hiyo kungoja kuwe kungoja kweli.

Papa alisema atasali polepole. Mama alisema hawezi, mdomo wake umeshajifunza kukimbia.

“Huyu ndiye atasalisha,” mama alisema, akanionyesha mimi. “Masista walimufundisha pole pole. Akisali, chakula inapoa.”

Nililala vibaya.

Asubuhi, baada ya kengele, walikuwepo wote: Patron na koti lake, kapita na mke wake, watu wa jembe waliotakiwa kuwa tayari shambani, tonton aliyelala kwetu. Chini barabarani tulikuwa tunasikia lori la vyuma likipanda kona kwa gia ndogo, vyuma vyake vikigongana. Papa alizungusha manivela, mara ya kwanza, mara ya pili, moteri ikakohoa, ikashika. Sindano ikaruka juu kabisa. Watu wakapiga makofi, tonton akawanyamazisha kwa mkono.

Papa alipanda kitini. Akanitazama. Mimi nina jina la mama yake, na akiwa na wasiwasi huniita hivyo.

“Maman,” alisema, “anza.”

Nilianza na hakuna aliyesikia, hata mimi. Moteri ilikuwa inakula kila neno. Papa aliweka mkono nyuma ya sikio. Nikaanza tena, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Ilitoka imekwaruza, ikamshtua mke wa kapita. Papa akaitikia. Kisha mama. Kwenye fungu la pili watu wa jembe walikuwa wanaitikia, na Patron alikuwa amevua kofia akiitikia kwa lugha yake, akichelewa kidogo nyuma yetu.

Katika fungu la tatu sindano ilianza kushuka. Niliona mgongo wa papa ukijikunja. Sikukimbia. Nilitamka kila neno kama Masista wanavyotaka, mpaka mwisho wake, huku nikifikiria ule mhimili gizani, na kile kitu chembamba kuliko karatasi kinachotafuta njia chini yake. Sindano ilishuka mpaka mahali pake pa siku za uzima, ikatikisika, ikasimama. Fungu la nne ilikuwa pale. Fungu la tano ilikuwa pale. Joto la moteri lilikuwa linanifikia usoni.

Lori lilikuwa limefika kwenye njia panda yetu na linapiga honi.

Nilifanya alama ya msalaba.

“Sasa, papa,” nilisema.

Akageuza robine. Sauti ya moteri ikawa nene, moshi ukabadilika rangi, na sisi wote tukaiinamia ile saa ndogo isiyosema wakati. Sindano haikujali. Tonton alikubali kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyelipwa. Patron akavaa kofia, akatembea kuelekea barabarani kumwambia mtu wa lori aendelee na safari yake.

Papa aliingiza gia. Trakta ikatoka hangarini, ikampita mama, ikampita kila mtu, mgongo wa papa umenyooka, ikaingia kwenye ukungu, ikielea.

Kikombe chake cha uji kilikuwa juu ya ukuta mahali nilipokiweka, kimepoa, kimefanya ngozi. Koo langu lilikuwa linauma. Nilikaa kwenye gunia la tonton, pale pale nilipolala chali jana yake, nikaunywa wote.